Risala ya Vijana wa Buhemba kwa Mkuu wa Wilaya ya Butiama

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Butiama,
Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo letu,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji na wataalamu wako,
Ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji na vitongoji,
Wazee wetu, mama zetu, na wote mliohudhuria,

 Jambo tunalolileta sisi vijana wa Kata ya Buhemba tumelivumilia kwa muda mrefu. Tulilizungumza kwanza kwenye vijiwe vya bodaboda, kisha majumbani, kisha mbele ya wazee, nao wakatuagiza tuliandike na kulifikisha kwa wenye mamlaka.

Kila kijana wa hapa anayefikia umri wa kujitegemea anajiuliza kama abaki Buhemba au aondoke. Wengine wamekwisha kuamua. Wako Mwanza, Geita, Chunya na Dar es Salaam. Hatuwalaumu. Kinachotuuma ni kuona wanaondoka mahali ambapo wenzao wa mikoa mingine wanapakimbilia. Gari lilelile linalomshusha mgeni aliyefuata dhahabu ndilo linalompakia mtoto wa hapa, naye hakwenda kutafuta utajiri. Amekwenda kutafuta chumba anachoweza kukilipia.

Mheshimiwa, ardhi yetu haikukosa mali. Dhahabu ya Buhemba ilichimbwa tangu enzi za ukoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mgodi mkubwa wa kampuni ya Meremeta, ambayo Serikali yetu ilikuwa na hisa ndani yake. Mgodi ule ulifungwa, baadaye eneo likawa chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), na wachimbaji wadogo wanaendelea na maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, hadi leo. Migodi imekuja na kuondoka. Bei za mgodini hazijaondoka, na anayezilipa ni kila mtu: mwalimu, fundi cherehani, mama lishe, muuza vocha, hata yule ambaye hajawahi kushika gramu moja ya dhahabu mkononi.

Kwa ruhusa yako, tunaorodhesha kero zetu, na kila kero tunaifuatisha na ombi.

1. Kodi za vyumba. Hili tunaliweka la kwanza kwa sababu ndilo linalowaondoa wengi. Duara moja likitema dhahabu, habari inasafiri usiku uleule, na asubuhi kodi imepanda. Aliyepata fedha juzi hulipa bila kuuliza bei. Kijana anayefanya kazi ya ujira anatakiwa kulipa miezi 6 kwa mkupuo, na asipoweza anapewa siku chache za kufungasha. Duara likikauka, wageni huhamia kwenye rasha nyingine, kule dhahabu mpya ilikosikika, lakini kodi hairudi ilipokuwa. Wapo wenzetu wenye wachumba waliokwisha kutambulishwa kwa wazazi, mahari imezungumzwa, na ndoa imesimama kwa kukosa pa kuishi. Wapo wanaume wa miaka 30 wanaolala chumba kimoja na wadogo zao. Tuseme ukweli pia: wenye nyumba ni baba zetu na shangazi zetu, na baadhi yetu tumesomeshwa kwa kodi hizohizo. Hatukuja kuwashtaki. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina masoko ya madini, na bei elekezi ya dhahabu inatangazwa; kodi ya chumba haina anayeitangaza wala anayeisimamia. Tunaomba ofisi yako iitishe kikao cha wenye nyumba na wapangaji, yapatikane makubaliano ya maandishi kuhusu kulipa mwezi kwa mwezi na muda wa notisi kabla ya kupandisha kodi. Tunaomba pia Halmashauri ipime viwanja katika kata yetu, na sehemu yake iuzwe kwa vijana wazaliwa na wakazi kwa malipo ya awamu.

2. Chakula na maji. Zamani nyumba ya hapa ilikula muhogo, mtama na mahindi ya shamba lake, na samaki wa ziwani wakaletwa kutoka Musoma. Sasa nguvu kazi imehamia kwenye maduara, mashamba mengine yamegeuka mashimo, na chakula kingi kinakuja kwa gari. Wauzaji wanapanga bei kwa kumtazama aliyetoka kuuza dhahabu. Maji nayo yanagombaniwa na mialo ya kuoshea mawe, na wakati wa kiangazi mwenye mwalo ndiye anayemudu kununua pipa baada ya pipa huku mama wa nyumbani akihesabu ndoo. Tunafahamu juhudi za Serikali katika mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama unaochota Ziwa Victoria, na tunashukuru. Tunaomba Wakala wa Maji Vijijini (RUWASA) na wahusika wote wahakikishe vitongoji vyetu vyote vinapata maji ya bomba, na vituo vya umma viwe na bei iliyobandikwa ukutani. Kwa upande wa chakula, tunaomba maafisa ugani wakae nasi, na mashimo yaliyoachwa katika mashamba yafukiwe na walioyachimba.

3. Maeneo ya kuchimba. Mheshimiwa, sheria ya madini ya mwaka 2010 inasema leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania. Sisi ni Watanzania, tena wa hapahapa, lakini wengi wetu tumo ndani ya maduara ya watu wengine kama vibarua. Tunashuka, tunapandisha mifuko, tunasaga kwenye karasha, na siku ya mgao tunapewa kinachobaki baada ya mwenye leseni, mwenye duara, mwenye mashine na madeni ya chakula. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yanauzwa kwa wenye plenti ya kuchenjua, na humo ndimo mara nyingi mwenye mtaji anapopatia faida yake. Kibarua hana sehemu humo. Kijana anaweza kufanya kazi hivyo mwaka mzima na mwisho wake akaondoka na deni la dukani. Tunaomba utusaidie kuzungumza na Tume ya Madini na STAMICO ili litengwe eneo kwa ajili ya vikundi vya vijana wa kata hii, leseni zisizofanyiwa kazi zipitiwe upya kwa mujibu wa sheria, na mikataba ya mgao iwe ya maandishi, ishuhudiwe na serikali ya kijiji.

4. Mikopo ya asilimia 10. Tunajua kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, nasi tulifurahi. Lakini kikundi cha vijana kinapoandika katiba, kufungua akaunti na kufuata mihuri, nauli za kwenda na kurudi zinamaliza akiba kabla ya jibu kutoka. Kuna vikundi vilivyovunjika vikiwa bado vinasubiri, kwa sababu wanachama wawili watatu walikwisha kuhama. Tunaomba fomu na usajili vishughulikiwe ofisi ya kata kwa siku maalumu, na kikundi kinachokataliwa kipewe sababu kwa maandishi.

5. Afya. Hapa hatutasema mengi. Zebaki inashikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa karibu na majiko. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, lakini kijana wa mwaloni hajaelezwa chochote. Tunaomba elimu, vifaa vya kuchomea vilivyo salama, na vipimo.

6. Ufundi. Msichana anayeondoka hapa mara nyingi anakwenda kufanya kazi za ndani Mwanza au Dar es Salaam. Mvulana anakwenda kuchimba kwingine, kazi ileile aliyoikimbia. Wakirudi Krismasi wana nguo mpya, na hakuna anayewauliza wanadaiwa kiasi gani huko. Wanaondoka bila ujuzi, kwa hiyo hata huko waendako wanakuwa vibarua. Chuo cha VETA kipo Musoma, ila gharama ya kulala na kula mjini inawashinda wengi wetu. Tunaomba kozi fupi ziletwe Buhemba: kulehemu, umeme, ufundi wa pampu na mitambo ya karasha, kazi ambazo hapa zina wateja kila siku. Atakayebaki ataishi nazo, na atakayeondoka ataondoka na kitu mkononi.

Mheshimiwa, kila tarehe 14 Oktoba viongozi hufika Mwitongo, Butiama, kumkumbuka Baba wa Taifa. Tunawaomba siku moja msafara uendelee hadi Buhemba. Mtatuona wenyewe, tulio mialoni na tulio vijiweni.

Hatujaja kuomba nauli, wala hatuombi kila kijana afungwe kwao. Anayetaka kwenda na aende kwa kupenda. Tunachoomba ni majibu ya maandishi kwa hoja hizi sita, yasomwe katika mkutano wa hadhara wa kata, kabla ya kipindi kijacho cha kulipa kodi za vyumba, kwa kuwa hicho ndicho kipindi ambacho wenzetu wengi hufungasha. Tumechagua wawakilishi watakaokuja ofisini kwako siku yoyote utakayowaita.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Vijana wa Kata ya Buhemba,
Wilaya ya Butiama, Mkoa wa Mara