Fedha za Betri Zielekezwe Kwenye Utando

Mwaka 2022 mji wa Dalian, China, uliunganisha na gridi betri ya vanadi yenye uwezo wa megawati 100, inayoweza kutoa umeme huo kwa saa nne mfululizo. Chaji yake hukaa katika matangi ya asidi iliyoyeyushiwa vanadi, na pampu huizungusha. Matangi ndiyo yanayopigwa picha. Lakini ubora wa betri ya aina hii uko kwenye utando mwembamba wa plastiki uliofichwa katikati ya kila seli.

Betri inapotoa umeme, kimiminika cha upande mmoja hugeuka kutoka zambarau kuwa kijani, na cha pili kutoka njano kuwa buluu. Utando unatakiwa kupitisha protoni na kuzuia vanadi. Ukivujisha, chaji hupotea bure.

Tangu Maria Skyllas-Kazacos na wenzake walipobuni betri hii mjini Sydney katika miaka ya 1980, utando uliozoeleka zaidi umekuwa Nafion. Ni imara, ila ni ghali, na vanadi hupenya humo kuliko inavyofaa.

Ipo njia nyingine. Filamu ya plastiki ambayo tayari iko sokoni hupigwa na mwale wa elektroni, au miale ya gamma ya kobalti-60. Vifungo vya kemikali hukatika, na ncha zinazobaki huwa tayari kushika molekuli yoyote iliyo karibu. Filamu huchovywa kwenye stairini, minyororo mipya ikaota juu yake, kama mkulima anavyobebesha mwembe. Hewa ikiingia chomboni kazi hukwama, kwa kuwa oksijeni huziwahi ncha hizo. Mwishoni asidi ya klorosulfoniki huipa minyororo hiyo chaji hasi, nayo protoni hupita. Ikipandikizwa minyororo yenye chaji chanya, ioni za vanadi, zenye chaji ileile, husukumwa nyuma.

Jina la mionzi linatisha watu, na hofu hiyo inainyima njia hii haki yake. Filamu haibaki na mionzi hata chembe. Kobalti hiyohiyo huua vijidudu kwenye sindano na glavu za hospitali. Unguja nayo ni shahidi: mbung'o dume waliohasiwa kwa mionzi Tanga waliachiwa huko miaka ya 1990, na kufikia 1997 mbung'o walikuwa wametoweka kisiwani.

Kikwazo halisi ni uimara. Vanadi ya njano huitafuna minyororo ya stairini, na filamu iliyopandikizwa kupita kiasi hufura na kulegea. Taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi imetumia miaka mingi kwenye tando za namna hii, lakini kipimo cha wiki chache maabarani hakimshawishi mwenye kituo cha umeme. Wanaotenga mabilioni kwa matangi na pampu watoe sehemu ya fedha hizo kujaribu tando hizi ndani ya betri zinazofanya kazi, maelfu ya saa bila kusimama, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya.