Hukumu Ina Mipaka: Madai Matano Yanayopotosha

Mohoro inaujua uzito wa hukumu. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga hapa Kinjekitile Ngwale, mganga wa Ngarambe. Leo mshtakiwa analindwa na Katiba, ila maneno ya vijiweni humnyang'anya ulinzi huo. Tuyajibu moja moja.

"Amekamatwa, basi ni mwizi." Hapana. Ibara ya 13(6)(b) inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Polisi hukamata, anayetia hatiani ni hakimu.

"Ukipatikana na hatia, ni jela tu." Si kweli. Kuna faini, kuachiwa kwa masharti, na uangalizi wa nje. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu, pale kifungo kisipozidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi za umma bila malipo badala ya gereza: anafagia zahanati au anasafisha shule, jioni analala kwake. Aliyekata mikoko bila kibali, mwenye watoto wanaomtegemea na asiye na kosa la nyuma, ayaseme hayo kabla adhabu haijatamkwa. Akinyamaza, hakimu atayajuaje?

"Mahakama ya Mwanzo ikishasema, imekwisha." Rufaa ipo, Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Omba nakala ya hukumu mapema. Asiye na fedha za wakili amtafute msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

"Msamaha wa Rais unafuta kosa." Msamaha wa sikukuu za kitaifa, kwa Ibara ya 45 ya Katiba, kwa kawaida hupunguza au huondoa adhabu, hatia inabaki. Hatia hutenguliwa na mahakama ya juu, kwa rufaa au mapitio. Uingereza ina sheria tangu 1974 inayozihesabu hatia nyingi kuwa zimekwisha baada ya muda. Tanzania Bara haina sheria ya namna hiyo, na kumbukumbu hubaki polisi.

"Aliyefungwa haaminiki milele." Katiba yenyewe haisemi hivyo: hata aliyefungwa kwa utovu wa uaminifu kizuizi chake cha kugombea ubunge huisha miaka mitano ikipita. Iweje basi kijijini tumnyime kibarua cha kuvuna ufuta? Bunge litunge sheria ya kufuta kumbukumbu za makosa madogo. Nasi tuache kumwongezea mtu miaka ambayo hakimu hakumpa.