Ufukwe wa Kunduchi Unaanzia Mtoni: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madiwani la Kinondoni

Kwa Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni,

Najua mezani kwenu kuna barabara za mitaa, madarasa, zahanati na taka zinazosubiri gari, na kwamba mchanga si jambo linalopewa nafasi kubwa katika ajenda za baraza. Hata hivyo nawaandikia kuhusu mchanga, kwa sababu huku Kunduchi tumeishi na shida yake tangu miaka ya 1980, na kila uongozi unaoingia unaambiwa kwamba hiyo ni kazi ya Mungu na bahari yake.

Vijana wanaoshuka daladala pale Africana, wengi hawajui kwamba kituo kile kilipewa jina la hoteli. Hoteli ya Africana ilikuwa ufukweni, ikapata sifa na wageni, kisha bahari ikaanza kuila mpaka ikaachwa. Kunduchi Pwani nako bahari imechukua nyumba, msikiti na soko la zamani la samaki. Mzee akikuonyesha lilipokuwa soko, hanyooshi kidole nchi kavu. Anakuonyesha majini, huko zinakofungwa boti za kwenda kisiwa cha Mbudya.

Maelezo tunayopewa kila mara ni mawili: bahari imepanda, na tabianchi imebadilika. Yote mawili ni kweli, wala sitaki kubishana na wanasayansi, hasa kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha elimu ya viumbe vya majini hapahapa Kunduchi. Lakini tabianchi imegeuka kichaka cha kujifichia. Ukishasema ni tabianchi, hakuna wa kuulizwa, kwani bahari haiwezi kuitwa kwenye kikao cha baraza. Ninayetaka kumzungumzia mimi anaweza kuitwa: ana lori, lori lina namba, na linapita mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa.

Mchanga wa ufukwe wetu hautoki baharini peke yake. Sehemu kubwa inateremka na mito, mto Tegeta na mto Mbezi, kutoka kwenye vilima vya magharibi ya jiji. Masika yakija, mito hiyo ambayo kwa miezi mingi ni makorongo makavu inafurika na kusukuma mchanga hadi mdomoni mwa bahari. Hapo mawimbi yanaupokea. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, mkondo wa pwani unauvuta kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma, sehemu yake inarudishwa kusini. Kwa hiyo ufukwe wowote kila siku unapoteza mchanga na kila mwaka unaletewa mwingine. Ni sawa na duka: linauza kila siku, na rafu hazibaki tupu kwa sababu mzigo mpya unaingia. Kunduchi inaendelea kuuza, lakini mzigo unatekwa njiani.

Unatekwa wapi? Nendeni mtoni asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali. Mtawakuta vijana wako ndani ya korongo na makoleo, miguu peku, wanajaza lori la tani saba kwa zamu, wawili wakichimba na wawili wakirusha juu. Dereva hazimi injini. Pakitokea mgeni aliyevaa viatu vizuri, mazungumzo yanakatika, naye utingo anauliza kama kuna shida, bosi. Sasa ingieni chini ya daraja lolote la karibu mwangalie nguzo. Sehemu ya juu ya zege imechujuka kwa jua na mvua. Ya chini ina rangi nyingine, bado imebeba udongo, na kati ya hizo mbili kuna mstari. Ulipo mstari huo ndipo kitanda cha mto kilipokuwa siku daraja linajengwa. Pimeni kutoka kwenye mstari hadi mnaposimama, mtajua mto umeshuka kiasi gani, bila kuhitaji mtaalamu mshauri wala semina.

Na mto ukishushwa kitanda hautulii. Maji hutafuta usawa wake, hivyo shimo lililochimbwa hapa linapanda kinyume na mkondo, mvua baada ya mvua, na kuula mto hadi maeneo ambayo hakuna aliyechimba. Kingo zinabaki zimesimama wima kama ukuta usio na msingi, kisha zinaporomoka. Ndiyo maana mtu aliyejenga mbali kabisa na mto miaka 15 iliyopita leo choo chake kinaning'inia korongoni, naye anapanga viroba vya mchanga kuzuia nyumba isifuate. Mchanga wa kujaza viroba hivyo ameununua kwenye lori.

Ipo hoja nyingine, nayo naijibu kwa sababu imewahi kusemwa hadharani na watu wenye nia njema: kwamba kuchota mchanga ni kusafisha mto, na mto safi haufuriki. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Pale ambapo mchanga na taka vimeziba chini ya daraja, kuvitoa ni lazima, na afanye hivyo mwenye kazi hiyo, kwa vipimo, na aache mara mto unapofikia kina kilichokubaliwa. Lakini mtu anayelipwa kwa lori hawezi kuwa msafishaji. Msafishaji anaondoka kazi ikiisha. Huyu hana siku ya kuisha, kwa sababu kila masika yanamletea shehena mpya, na hachagui penye tope na machupa, anachagua penye mchanga mzuri. Tope na machupa anatuachia.

Sitaki mnielewe vibaya kuhusu vijana wale. Ni watoto wetu, na ujira wao wa siku ni mdogo kuliko faida ya mtu mwingine yeyote kwenye safari ya mchanga huo. Wala sisemi jiji lisijengwe. Nyumba ninayokaa ina mchanga ukutani, na ofisi zenu pia. Ninachosema ni kwamba kuna mchanga wa kuchimba na mchanga wa kuacha. Mashimo ya nchi kavu yaliyopimwa, yenye leseni na mpango wa kufukiwa, yanaweza kulisha ujenzi. Mchanga wa mtoni una kazi nyingine tayari.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari. Leseni za madini ya ujenzi, mchanga ukiwamo, zipo chini ya Tume ya Madini kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Maji ya mito hii yapo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mikoko ni ya wakala wa misitu (TFS), madaraja ya mitaa ni ya wakala wa barabara (TARURA), visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, vina kitengo chao, na NEMC, msimamizi wa mazingira, ipo juu ya wote. Mto mmoja una wenyewe wengi hivyo, halafu lori linapita. Kila ofisi ukiiendea inakupokea vizuri na kukuelekeza kwa nyingine, kwa upole ambao unaishia kuchosha kuliko ukali.

Ndiyo maana barua hii nimeileta kwenu na si huko. Katika mamlaka zote nilizozitaja, ni ninyi tu mlio na mtu katika kila mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake wanajua lori ni la nani, linaingilia njia ipi, na nani amelipwa ili njia hiyo ipite kwenye kiwanja chake. Tena Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 imewapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Itungeni moja inayohusu mito hii, iwe fupi, ikataze lori kuingia ndani ya mita 60 za mto bila kibali kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa mtaa, na adhabu imguse mwenye lori na mwenye kiwanja, siyo kijana mwenye koleo pekee. Kumkamata kijana ni rahisi na kunapendeza kwenye picha. Kesho yake anakuja mwingine.

Kama manispaa inakusanya ushuru wowote kwenye mchanga, tunaomba hesabu yake itangazwe kata kwa kata, kiasi kilichoingia na machimbo kilikotoka. Hili ni muhimu kwangu kuliko sheria ndogo yenyewe. Halmashauri inayopata fedha kwa kila lori inatiwa jaribu la kutoyapunguza malori, na njia ya kushinda jaribu hilo ni wananchi kuona hesabu.

Mto Mbezi unatuletea shida ya mipaka. Sehemu za juu za bonde lake zipo upande wa Ubungo, manispaa iliyomegwa kutoka Kinondoni miaka kumi hivi iliyopita. Mchanga hauujui mgawanyo huo. Mkifunga machimbo Mbezi Juu huku Goba yakibaki wazi, malori yatahama kilomita chache na ufukwe utaendelea kukosa. Mabaraza mawili yanaweza kukaa meza moja siku moja na kukubaliana masharti yanayofanana; haihitaji waziri.

Kuhusu vijana wanaochimba, mna asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya makorongoni vitafutwe hukohuko waliko na kusaidiwa kujisajili, kwani mtu anayeamkia mtoni saa kumi alfajiri hana muda wa kufuatilia fomu. Kazi ipo: kuondoa taka mtoni kabla ya masika, kupanda matete na mianzi kwenye kingo, kupanga mawe kwenye nyavu za waya, kazi ambayo leo anapewa mkandarasi wa mbali.

Kwa kuwa nimetaja taka, niseme na jambo ambalo hatulisemi kwa sababu ni letu sisi wananchi. Mvua kubwa ikianza usiku, wapo wanaotoboa shimo na kutapisha choo, uchafu uondoke na maji. Asubuhi watoto wanaogelea mdomoni mwa mto, na mama muuza pweza anaosha bidhaa yake hapohapo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na tukaizoea marufuku hiyo katika wiki chache, kwa hiyo watu wetu si wagumu kubadilika. Gari la kunyonya majitaka lingekuwa na bei ambayo mpangaji wa vyumba viwili anaimudu, wengi wangeliita. Bei hiyo mnaweza kuizungumza na wenye magari.

Mtashauriwa kujenga ukuta. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama kule mjini umeokoa barabara, na sina ugomvi nao. Lakini ukuta hauleti mchanga. Wimbi likigonga saruji linarudi na nguvu na kuchimba chini yake, na gati za mawe zilizojengwa kuingia baharini mbele ya baadhi ya mahoteli zinadaka mchanga upande mmoja na kumnyima jirani upande wa pili. Anayelipia ukuta anahamishia hasara kwa asiyeweza kuulipia, na hapa kwetu asiyeweza ni mvuvi. Baadhi ya kuta hizo zimefunga hata njia za kwenda baharini. Hilo nalo lina mita 60 zake, ila nitaliacha kwa barua nyingine.

Mstahiki Meya, tunaomba mambo haya yaingie kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha yafike kwenye kikao cha kawaida cha baraza kabla ya masika yajayo, maana mchanga utakaoshuka na masika hayo ndio tunaougombania. Waheshimiwa madiwani wa kata za Kunduchi, Wazo, Mbezi Juu na Mabwepande watangulie kutembea mito hii kwa miguu, kutoka mdomoni kwenda juu, na wakaguzi wa mazingira wa manispaa wawe nao. Wavuvi wa Kunduchi wako tayari kuwaongoza. Kikao cha baraza ni cha wazi kisheria. Mtutangazie tarehe, nasi tutakuja kukaa kwenye viti vya wananchi na kusikiliza kila diwani anasema nini kuhusu mchanga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kunduchi Pwani