Muzee wa komini akienda retrete, nani atalipa dawa zake?

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, kila siku tunalalamika kwamba kazi za Leta hazipatikane. Lakini tujiulize: mbona kwenye biro za komini kuko wazee ambao umri wa retrete umewapita zamani na hawatoke? Siyo kupenda kiti. Muzee anajua kwamba siku atatoka, atabakia yeye na tansio yake. Pensheni ni kidogo na inachelewa. Hospitalini wanauliza pesa kwanza, na asipomaliza fakitire wanamuzuia kule mpaka familia ichange.

Huyo muzee njo alituandika kwenye kitabu cha komini wakati tulizaliwa. Ule mama njo alifagia barabara za Kenya na Katuba. Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 49 kinasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Hatuombe zawadi.

Tunataka mituweli ya afya ya wafanyakazi wa komini, na ipangwe hivi:

1. Wazee wasiwekwe peke yao. Mituweli ya wazee tupu itaanguka haraka: wote wanahitaji matunzo, wachache wanaweza kuchanga. Kijana na muzee waingie mufuko mumoja, muchango uanze mwezi wa kwanza wa kazi, na kadi isikatwe siku ya retrete.

2. Ilipe magonjwa yenye kusumbua wazee kweli: dawa za tansio na za sukari kila mwezi, bila kungoja mutu aanguke, kupasuliwa macho, kulala hospitali. Afazali ahadi tatu zenye kulipwa kuliko orodha ndefu ya karatasi.

3. Mujane abakie na kadi yake. Bwana akifa, ugonjwa wa bibi haukufe naye.

4. Sehemu ya komini iandikwe kwenye bajeti, iende kwenye konti ya pekee, na waliotoka kazini wawe ndani ya komite ya kuangalia hesabu.

Watatujibu: komini haina pesa. Lakini mama wa soko analipa taksi kila siku, dereva naye analipa parkingi. Watuonyeshe kwanza hesabu, kisha tuzungumze. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipa komini bajeti yake yenyewe. Na tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komini. Kupitisha bajeti hiyo njo kazi yao.

Basi kila mumoja wetu atafute mushauri wa komini yake na amuulize swali moja: mustari wa afya ya waliotoka kazini uko wapi kwenye bajeti? Asipojibu, tutarudi wengi.

Muzee akitoka na kadi, kijana ataingia kazini.