Sauti za Kusafiri Nazo

Bwana Mhariri aliponitaka niandike neno kwa kurasa za Kiswahili, nilidhani ataka habari za zamani zetu: uji wa asubuhi, kengele na viboko. Lakini habari hizo mmekwisha kuzisoma mara nyingi, na kila mwandishi huzidisha hesabu ya viboko. Mimi nataka kusema juu ya jambo dogo la siku hizi, nalo ni hili: watoto wasikilize nini tunapowachukua safari ndefu kwa motokaa? Naliita dogo, lakini nyumbani kwangu lilileta machozi, na nusura limfanye mwanangu achukie hesabu na kwa bibi yake kwa pamoja.

Nakaa Kampala. Mama yangu yuko Arua, na njia yapata karibu kilomita 500: Bombo, Luweero, Migyera, Kiryandongo, Karuma, kisha daraja la Pakwach, Nebbi, ndipo nyumbani. Tukiondoka alfajiri twafika alasiri, ikiwa hatukupata pancha. Watoto ni watatu. Mwaka ninaousimulia mkubwa alikuwa darasa la saba, wa katikati ana miaka minane, na mdogo mitano.

Ilikuwa likizo ya Agosti, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanywa Novemba. Mke wangu na mimi tukapatana ya kuwa saa zote hizo za njiani zisipotee bure. Nikanunua mafunzo ya kusikiliza: jedwali la kuzidisha lililotiwa katika nyimbo, na maswali ya mtihani yaliyosomwa na bwana mmoja mwenye sauti ya kutangaza msiba. Bwana yule alisoma swali, na kabla mtoto hajafumbua kinywa alikwisha toa jibu mwenyewe. Hatujafika Luweero mdogo alikuwa amelala, wa katikati ameziba masikio kwa vidole, na mkubwa anatazama nje wala hasemi neno. Migyera tuliposimama kununua nyama ya kuchoma, aliniuliza kwa upole, “Baba, hata kwa bibi kuna shule?” Nilimjibu kwa ukali. Sioni fahari kuyaandika haya. Tuliporudi Kampala alimwambia mama yake kwamba safari ijayo yeye afadhali abaki.

Neno lile lilinichoma, nami nikaanza kujiuliza kwa nini nilinunua vitu vile. Ukweli ni kwamba sikuvichagua kwa ajili ya watoto. Nilivichagua kwa ajili ya mtihani, na kwa siri zaidi nilivichagua ili wanyamaze nami niendeshe kwa raha. Nadhani wazee wengi tuliopita shule yetu tumo katika kosa hili. Twaona neno “elimu” limeandikwa juu ya kitu, twalipa, na hatuketi hata dakika kumi kukisikiliza kwanza. Hata nguo ya mtoto twaipima kabla ya kununua.

Wako watakaosema, basi wape picha za kutazama katika simu, watanyamaza. Naam, watanyamaza mpaka watapike. Jicho lililokazwa juu ya kioo kidogo huuambia ubongo kwamba mwili umetulia, na sikio la ndani, ambalo ndilo lenye kazi ya kupima mwendo, huuambia kwamba mwili waenda. Na katika ugomvi huo kichefuchefu huja. Anayesikiliza yuko huru kutazama nje. Aweza kuona nyani wa Karuma wakingoja ndizi kando ya barabara, na hadithi isipungue kitu. Hiyo ndiyo sababu naitetea sauti. Lakini si kila sauti.

Niliyoipata kwanza ikafaa ni kazi ya mtungaji wa Urusi, Prokofiev, aliyeitunga mwaka 1936 kwa watoto, nayo yaitwa Petro na Mbwa Mwitu. Nakumbuka tuliisikia shuleni kwa santuri yenye mikwaruzo, nasi tukaicheka. Ni kama nusu saa tu. Mtu mmoja asimulia, na kila kiumbe ana chombo chake cha muziki. Ndege ni filimbi. Bata ni aina ya nzumari, jamaa ya zile zipigwazo harusini kule pwani. Paka ni klarineti, babu ni zumari kubwa yenye sauti nzito ya kunung'unika, mbwa mwitu ni mabaragumu matatu, na Petro mwenyewe ni fidla. Risasi za wawindaji zapigwa kwa ngoma. Hakuna mahali ambapo mtoto ahojiwa, wala hakuna alama. Lakini mara ya pili tu mdogo wangu alipiga kelele kabla ya msimulizi kusema: “Anakuja! Anakuja!” maana alikwisha sikia mabaragumu. Yule mwenye miaka mitano alikuwa amejifunza kutenga sauti za vyombo sita, na hakuna aliyemwambia kwamba yuko darasani.

Kisha yakaja mabishano. Bata humezwa akiwa mzima, na mwisho wa hadithi nzumari yake yasikika tena kutoka tumboni mwa mbwa mwitu. Je, atatolewa? Atapumuaje mle ndani? Mkubwa, ambaye safari iliyopita alikuwa bubu, alifafanua mambo ya hewa na tumbo kutoka Kiryandongo mpaka daraja la Karuma, na baadhi ya aliyoyasema yalikuwa kweli. Nilizima chombo, nikawaacha. Tangu hapo nina kipimo kimoja tu ninachokitegemea. Zima katikati. Watoto wakiendelea kubishana juu ya walichokisikia, kitu hicho ni chema. Wakishukuru kwamba umezima, kitupe, hata kama kilikuwa ghali.

Mambo mengine niliyoyagundua ni ya fundi zaidi. Motokaa yetu ni kuukuu na barabara yanguruma, na mngurumo wa magurudumu humeza sauti nzito. Msomaji mwenye sauti nyembamba na maneno yaliyokatwa vizuri husikika nyuma bila kuongeza nguvu ya chombo. Tena pakueni kila kitu nyumbani kabla ya kuondoka, kwa maana ziko sehemu za njia ambako mtandao hukatika palepale simba afunguapo kinywa, na dereva asijaribu kutafuta simu kwa mkono mmoja. Kazi ya kugeuza nyimbo apewe aliyeketi kando yake. Sipendi kila mtoto avae vifaa vyake vya masikioni, kwanza kwa sababu ya masikio yao, lakini zaidi kwa sababu watu watano watakuwa katika motokaa moja na safari tano.

Vitu vya bure vipo tele. Tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea wa LibriVox husoma vitabu ambavyo haki zake zimekwisha na kuvitoa bila malipo. Ila chagua msomaji, maana mmoja asoma vizuri na mwingine asoma kama mwenye orodha ya nguo za dobi. Kwa Kiswahili ziko nyimbo za Ubongo Kids, kipindi kilichoanza Tanzania mwaka 2014, chenye hesabu na sayansi. Sikujua kama nitarudia tena hesabu, lakini wanangu waliziomba wenyewe, nami sikuuliza kwa nini.

Nimesema Kiswahili, na hapa ndipo penye jambo zito kwangu. Mke wangu ni Mganda. Watoto wanasema Kiganda na Kiingereza. Mama yangu hasemi Kiingereza, na Kiganda chake ni cha salamu tu. Kilugbara cha watoto nacho ni cha kuomba chakula. Lugha iliyobaki ni Kiswahili, ambacho yeye alikipata katika soko la Arua, kwa wachuuzi wa Kongo na wa Sudani. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa mkalimani kati ya mama yangu na wanangu. Mkalimani huchoka, na akichoka hufupisha. Mzee alieleza habari kwa robo saa, nami nikawaambia watoto, “Bibi asema mle vizuri.”

Basi mwaka uliofuata nilimwomba mama asimulie, nami nikanasa sauti yake kwa simu, chini ya mwembe, jioni tatu mfululizo. Hadithi za sungura na fisi, moja ya mto uliokataa kuvukwa, na moja ya soko ambayo sidhani ni ya kubuni. Kiswahili chake mwalimu wetu wa zamani angekipaka wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza. Lakini yeye hutua. Husema, “Fisi akafanya nini?” akangoja, na katika motokaa watoto hujibu, na baada ya kutua aendelea kana kwamba amewasikia. Yule bwana wa maswali ya mtihani hakuijua siri hiyo, wala hawakuijua wengi waliofundisha redioni shule zilipofungwa kati ya Machi 2020 na Januari 2022. Walisema mfululizo, kama kwamba kunyamaza ni kosa.

Mke wangu hajakubali yote. Asema hadithi za fisi hazikuongeza alama hata moja, na ya kwamba mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba hana nafasi ya kucheza. Siwezi kumpuuza, maana yeye ndiye aliyekesha na kijana juu ya vitabu. Kijana alifaulu, na sisemi alifaulu kwa sababu ya bata. Nasema tu kwamba Desemba ile, mtihani ulipokwisha, hakuomba kubaki Kampala. Na rafiki yangu mmoja, tuliyelala bweni moja, aniambia kuwa sisi tulisafiri juu ya magunia ya pamba pasipo chombo chochote, tukahesabu miti, na tukawa watu. Nakubali nusu. Kutoka Pakwach mpaka Nebbi sasa tunazima kila kitu, na kuangalia nje.

Ninyi wanafunzi mnaweza kuona kwamba haya ni ya wazazi. Lakini najua nani hushika simu huko nyuma, na nani huulizwa na wadogo zake, “Tusikilize nini?” Tena ninyi mwendao likizoni kwa mabibi na mababu mna vyombo vya kunasa sauti mifukoni, ambavyo sisi hatukuwa navyo. Mama yangu mwenyewe hapendi kusikia sauti yake. Mara ya kwanza alicheka, kisha akakunja uso, akasema hadithi ya mto ameisimulia vibaya, na tena jogoo amewika katikati akaharibu maneno. Akataka tuifute tuanze upya. Nilikuwa tayari kufuta. Mdogo akakataa kabisa, akaishika simu kwa mikono miwili: jogoo akiwika, alisema, ndipo anapojua kwamba fisi yuko karibu.