Ufisadi Si Virusi vya Kompyuta

Haya wasomaji wangu, leo siandiki habari za programu mpya. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni juu ya kazi yetu sisi watengenezaji programu.

Kila kashfa ikizuka hapa Kenya, lazima atokee mtu aseme: dawa ni kuweka kila kitu kwenye mfumo wa kompyuta. Na sisi tunaouza mifumo hiyo twapiga makofi. Mimi nimechoka kupiga makofi.

Tutazame takwimu. Kila mwaka shirika la Transparency International hutoa alama kulingana na jinsi wataalamu na wafanyabiashara wanavyouona ufisadi serikalini. Sifuri ni uozo mtupu, 100 ni usafi. Njia ya kuhesabu ilibadilishwa 2012, kwa hivyo ukimwona mtu amechora grafu moja kutoka miaka ya tisini hadi leo, mwambie aifute. Kuanzia 2012 ndipo miaka inalinganishika.

Mwaka huo Kenya ilipata 27, Tanzania 35. Mwaka 2015 sote tulishuka: sisi 25, wao 30. Mwaka 2024 sisi tulipata 32, wao 41. Yaani pengo la alama 8 lilipungua likawa 5, kisha likapanuka hadi 9.

Sasa niambieni, kati ya nchi hizi mbili ni ipi inayojiita Silicon Savannah? Kama kompyuta ndizo dawa, mbona mgonjwa anayejisifu kwa kumeza vidonge vingi ndiye anayechelewa kupona?

Mwaka 2015 NYS ilipoteza shilingi milioni 791. Pesa zilipita ndani ya IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha. Mfumo haukuharibika. Ulilipa kama ulivyoagizwa! Mabishano yakawa ni nani alitumia nywila ya nani.

Na msisahau kuwa Anglo Leasing, iliyofichuka 2004, ilihusu zabuni za teknolojia, mojawapo ikiwa ya mitambo ya pasipoti. Mwaka 2014 serikali yetu ililipa shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni zilizohusishwa na kandarasi hizo, ili iweze kukopa kwa Eurobond. Tanzania nao walikuwa na kashfa yao ya teknolojia, ile rada ya kampuni ya BAE. Lakini wao walirudishiwa pauni milioni 29.5 mwaka 2012. Sifa nyingi ni za wapelelezi wa Uingereza, nakubali. Hata hivyo wao walirudishiwa, sisi tulilipa tena.

Tofauti nyingine ni viti. Februari 2008 Edward Lowassa aliuacha uwaziri mkuu kwa sababu ya Richmond. Desemba 2014 mwanasheria mkuu Frederick Werema alijiuzulu kwa sababu ya Escrow. Huku kwetu, wawili kati ya mawaziri waliong'atuka Februari 2006 walikuwa wamerudi barazani kufikia Novemba mwaka huo huo. Hata viti havikupata baridi.

Najua mtakachosema: Tanzania si peponi. Kweli kabisa. Lowassa hakushtakiwa, na 2015 aligombea urais. Wakati wa Magufuli magazeti yalifungiwa, na 2019 mkaguzi mkuu Mussa Assad, aliyethubutu kuliita Bunge dhaifu, hakuongezewa muda. Na 41 kwa 100 si alama ya kumwonyesha mzazi. Sisemi tuwaige katika yote. Nasema tu kwamba mahali mkubwa anapohofia kiti chake, hofu hiyo hufanya kazi ambayo programu yoyote haiwezi kuifanya.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza mfumo wa kukusanya ada kwa ofisi moja ya umma, siitaji. Nilipanga kila karani awe na jina lake na nywila yake. Mkubwa akasema hiyo ni usumbufu, wape wote nywila moja. Malipo yangu yalikuwa bado mkononi mwake. Nikakubali.

Baada ya miezi michache hesabu zilikataa kulingana. Niliitwa nifungue kumbukumbu za mfumo. Kila muamala uliobatilishwa ulikuwa na jina moja tu: "admin". Mkubwa alitikisa kichwa, akasema basi hakuna wa kulaumiwa. Aliyefukuzwa ni karani mdogo wa kaunta, binti ambaye hata kubatilisha risiti nilikuwa sijamfundisha. Mimi nililipwa salio langu.

Kwa hivyo, wenzangu, msiniambie sisi ni mafundi tu. Mteja akiomba nywila moja ya watu kumi, au kitufe cha kufuta kumbukumbu, anaomba mlango wa nyuma, na sisi ndio maseremala. Tukatae. Kumbukumbu zipelekwe kwa mkaguzi wa nje, mahali mkubwa hawezi kuzigusa.

Na wewe mwananchi, ukiambiwa kuna mfumo mpya wa kumaliza ufisadi, usiulize umeandikwa kwa lugha gani. Uliza: ule wa zamani ulipomtaja mwizi, alifanywa nini?