NYUMBA YA MGANGA: TUSIUKATE MLIMA



Mkutano wa Jumapili ulikubali tujenge nyumba ya mganga wa zahanati pale mteremkoni, juu ya ghala la ushirika. Hilo twaliunga mkono. Tunalolipinga ni huu mpango wa kuukata mlima kina cha watu wawili, kifusi kimwagwe upande wa chini, halafu nusu ya nyumba isimame juu ya kifusi hicho.

Ati ramani ndivyo isemavyo! Ramani hiyo ni ya tambarare. Sisi kusoma tumejifunza ukubwani, lakini mlima tumeusoma tangu utoto. Kifusi kikilowa hushuka, na ukuta hupasuka. Na udongo uliokatwa wima nyuma ya nyumba, masika ikikolea huangukia watu ndani. Tusisahau tarehe 3 Desemba 2023: tope lilishuka toka Mlima Hanang, watu zaidi ya 80 wakafa. Mlima waweza kuporomoka bila kuguswa. Sisi twausaidia wa nini?

Twasema hivi: nyumba iufuate mlima. Msingi uwe wa ngazi ngazi, kila ngazi ilale sawa kwa pima maji, juu ya udongo mgumu usiochimbuliwa. Upande wa chini tunyanyue ukuta wa mawe mpaka usawa wa sakafu. Upande wa juu, ukuta unaozuia udongo uwekewe kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji, maana maji yakifungiwa yatausukuma. Juu ya mawe twende na mbao. Mbao ni nyepesi, hazilemei mlima. Ila zisiguse udongo, mchwa wakapata njia. Mtaro uchimbwe nyuma ya nyumba, maji yaende pembeni penye majani, siyo shambani kwa jirani.

Wapo wanaosema njia hii ni ghali. Ghali kwa nani? Mawe yamejaa korongoni, mikono tunayo. Kilicho ghali ni kujenga mara mbili, au kumzika mganga na watoto wake.

Basi fundi asianze kukata kabla ya mkutano wa Jumapili ijayo. Waliokubali haraka haraka waje watujibu hadharani. Na Jumamosi kila nyumba itoe mtu mmoja, tukasombe mawe. Kazi hiyo haingoji kikao.

Katibu wa Tawi